Breki Zako Ziko na Kiu

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize, kisha utulie nikusimulie. Nikishaanza sipendi kukatizwa. Jambo hili halikumpata binamu yangu wala jirani wa rafiki yangu. Lilinipata mimi, mimi huyu unayenitazama, na kuna mwanamke mmoja wa kambi ya jeshi Mbarara ambaye yu hai hadi leo, mwulize. Watu wengine hukutana na mambo usiku, wakitoka kilabuni, ukiwabana wanasema giza lilikuwa nene. Mimi sinywi pombe, naimba kwaya. Na siku hiyo ilikuwa asubuhi, kiangazi, jua linachoma na barabara nyeupe kwa vumbi. Nitasingizia giza gani?

Enzi hizo nilikuwa fundi wa umeme wa magari mjini Mbarara. Kwetu ni Kivu ya Kusini, ufukweni kabisa mwa ziwa Tanganyika. Vita vilitutoa nikiwa kijana, tukavuka mipaka hadi kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na ufundi nikaupata baadaye katika garaji moja mjini. Nilipanga chumba mtaa wa Kakiika. Huko ndiko alikonikuta Mama Peace.

Mama Peace alikuwa mke wa sajini. Mumewe alikuwa kazini mbali, naye hakuwa mtu wa kukaa kambi ya jeshi akingoja. Alikuwa amenunua trela la kulala watu, nyumba kamili ya magurudumu manne, kutoka kwa wazee wawili wageni waliokuwa wakizunguka nalo Afrika hadi wakachoka. Aling'oa vitanda, akaweka majiko, akatoboa dirisha la kuuzia chakula. Kila siku ya soko tulilifunga nyuma ya Land Cruiser yake, tukashuka Nakivale kuuza chai, chapati na katogo, zile ndizi za kupikwa pamoja na nyama. Mimi dereva, mimi fundi. Yeye mpishi na mwenye mali.

"Fundi," aliniambia siku ya kwanza, "hii nyumba iko na breki yake. Mimi nataka breki fanya kazi. Mlima ya Isingiro hapana cheza na mtu."

Alisema kweli. Sasa nisikilize kidogo juu ya breki hizo, maana bila kuzielewa hutaelewa kilichonipata. Trela lile lilikuwa na breki za umeme. Ndani ya gari, chini ya usukani, kuna kisanduku kidogo. Dereva akikanyaga breki, kisanduku kinapeleka umeme nyuma hadi kwenye sumaku iliyo ndani ya kila gurudumu. Sumaku inajing'ang'aniza kwenye dramu ya chuma inayozunguka, inavuta mkono mdogo wa chuma, mkono huo unatanua pedi za breki, gurudumu linashikwa. Kisanduku kina taa yake na kishikio: ukikibana kwa vidole, trela peke yake linafunga breki hata kama hujakanyaga kitu. Halafu pale mbele, kwenye ule mkono wa chuma unaounganisha trela na gari, kuna pini ya usalama iliyofungwa kwa kamba. Trela likichomoka njiani, kamba inaivuta pini, na betri ya trela lenyewe inafunga magurudumu yote. Maana yake? Bila pini hiyo kuchomolewa na kitu, haichomoki. Ilikuwa ngumu hata kwangu.

Asubuhi ile nilizitengeneza mwenyewe. Niliinua kila gurudumu kwa jeki, nikafungua dramu, nikafuta vumbi, nikakagua waya na sumaku, nikahakikisha hakuna tone la grisi mahali lisipotakiwa. Nikafunga. Kisha nikalala chini, nikapenyeza bisibisi katika kitundu cha nyuma, nikazungusha kile kigurudumu cha meno mpaka pedi zikagusa na gurudumu likagoma kuzunguka, halafu nikalirudisha nyuma kidogo mpaka likazunguka huku likinong'ona tu. Ndivyo inavyotakiwa: linong'one, lisilie. Nikaendesha polepole uani, nikabana kishikio, trela likakamata mpaka masufuria yakalia. Mama Peace akapiga makofi.

Niamini, breki zile zilikuwa nzima. Tena kavu kama unga.

Tulipofika Isingiro, Mama Peace akashuka kununua makaa. Mimi nikazunguka kugusa magurudumu, maana dramu iliyobana sana huwa ya moto. Hazikuwa za moto. Niliponyanyuka, mwanamke amesimama nyuma yangu.

Hakuwa na kitu cha kutisha. Mama wa makamo, kitenge cha zamani, miguu mitupu, hana mzigo. Ila ncha za nywele zake zilikuwa zimelowa, na alinukia ziwa. Si tope la dimbwi la ng'ombe, hapana. Harufu ya ziwa kubwa, ya mchanga na magamba, ile ambayo sikuwa nimeinusa tangu nitoke kwetu.

"Ndugu," akasema, kwa Kiswahili cha kwetu kabisa, "munashuka ku Nakivale? Munipatie fasi mu nyumba yenu."

Nikafurahi kusikia lugha ya nyumbani. Lakini mtu hapandi ndani ya trela linalotembea, hiyo ni sheria, na mbele tulikuwa tumejaa masufuria. "Mama, samahani mingi," nikamjibu. "Mule ndani hakuna ruhusa kukaa muntu. Ungojee gari ya batu, haitachelewa."

Hakukasirika. Aliinama, akaweka kiganja juu ya gurudumu la nyuma, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Sawa," akasema. "Lakini breki zako ziko na kiu."

Nilicheka! Ndiyo, mimi niliyekuambia ucheke umalize, nilicheka. Mama Peace akarudi na gunia lake, akamtazama yule mama, akaniuliza, "Huyu nataka nini?" Nikamwambia anatafuta usafiri. Tukaondoka. Katika kioo nilimwona amesimama palepale, anatutazama tukienda. Shika hilo: tulimwacha nyuma, miguu mitupu, hana baiskeli, hana pikipiki.

Kutoka hapo barabara inapanda kidogo, halafu inaanza kushuka kuelekea ziwa la Nakivale. Mteremko wa changarawe, kona juu ya kona, kulia mlima, kushoto hewa tupu. Nikaingiza gia ndogo. Kona ya kwanza, nikagusa breki. Taa ya kisanduku ikawaka kama kawaida, lakini sikuhisi trela likivuta. Nikasema labda nimegusa kidogo mno. Kona ya pili nikakanyaga zaidi. Taa ikawa nyekundu kabisa, umeme wote unakwenda nyuma, na trela? Trela likanisukuma! Ulishawahi kusukumwa mgongoni na mtu aliyekuzidi nguvu? Ndivyo gari lilivyosukumwa. Nikabana kile kishikio kwa vidole mpaka kikanikata. Hakuna kitu. Tena uzito wenyewe ulikuwa umezidi. Tuliondoka Isingiro na masufuria na gunia la makaa tu, sasa nilikuwa kama ninakokota tangi la maji.

"Fundi," Mama Peace akasema, kwa upole kwanza. "Breki iko wapi?"

"Ninaitafuta, Mama Peace."

"Tafuta haraka!"

Breki za gari lenyewe zilianza kunuka. Trela likaanza kuyumba, mkia kushoto, mkia kulia, na kila likiyumba linaivuta Land Cruiser kuelekea ile hewa tupu. Halafu tukatokea kona ya chini, na nikaona barabara imejaa. Ng'ombe wa pembe ndefu wanavuka, kundi zima, na katikati yao akina mama na madumu vichwani wanatoka kuchota maji. Walisikia honi. Wengine walikimbia, wengine waliganda tu pale walipo, wakitukodolea macho.

Sijui kama unaelewa hali hiyo. Mikono inafanya kila kitu inachojua, na kila inachojua hakifanyi kazi. Nilitaka kumwita Yesu, nakuapia, mdomo ulikuwa tayari. Lakini jina lililotoka halikuwa hilo. Koko wangu, mama yake mama, alikuwa na jina aliloliita ufukweni pale upepo ulipowakuta wavuvi katikati ya ziwa. Aliingia majini hadi magotini, akapaza sauti, na sisi watoto tulikatazwa kulirudia. Sikuwa nimelitamka maisha yangu yote. Hata hapa sitalitamka. Siku hiyo nililipiga kelele mpaka Mama Peace akaziba masikio.

Na magurudumu manne ya trela yakafunga. Yote kwa pamoja, papo hapo! Tulirushwa mbele, sufuria moja ikanigonga kisogo, vumbi likafunika dunia. Tulipotulia, gari lilikuwa limekaa mshazari barabarani, na pembe ya ng'ombe mmoja imegusa kioo cha mbele, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Hakuna aliyeguswa. Hata ndama.

Mama Peace akafungua mlango, akashuka, akaanza kuwapigia wachungaji kelele kana kwamba kosa ni lao. Ndiyo njia yake ya kumshukuru Mungu. Mimi nikashuka na jiwe la kuzuia gurudumu, nikazunguka nyuma ya gari.

Yule mama alikuwa amekaa pale, katikati ya gari na trela, juu ya ule mkono wa chuma. Yule wa Isingiro. Kitenge kilekile, sasa kinachuruzika maji. Mkononi ameshika pini ya usalama, na kamba yake inaning'inia.

Nikaliweka lile jiwe chini ya gurudumu kwanza, maana ndilo nililoshukia.

"Uliniita," akasema. "Nimesikia."

"Mama, wewe ni nani?" Nilijua. Niliuliza tu ili nisikie sauti yangu.

"Wewe unaniuliza? Koko yako alikuwa anakuleta ku maji ungali mutoto wa ku mugongo. Alikuwa anasema, huyu ni wenu, mumuangalie." Akanitazama bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. "Mulikimbiaka bila kuniaga. Bote. Nilisikia masasi ya bunduki, nikasikia pirogi za bavuvi zinasukumwa, kisha kimya. Ningojee, ningojee. Hakuna mutoto wa kuogelea, hakuna mama wa kufua. Ni nani alibakia wa kuniogopa? Nikasema, nitafuata. Batu bangu bote beko huku."

Kwetu wanamwita mamba-muntu, hao wenye maji. Mchungaji wetu wa kanisa alikuwa ametuambia mara nyingi kwamba ni hadithi za giza, tuziache. Nilikuwa nimeziacha! Na sasa mmoja wao amekaa juu ya trela la chapati, barabarani Isingiro, mchana, ananiambia kwamba na yeye ni mkimbizi.

"Umefikaje hapa kutoka kule juu?" nikamwuliza.

Akaelekeza kidole kwenye gurudumu. "Fungua."

Nikachukua jeki. Usiniulize kwa nini nilitii, mikono ya fundi hutii ikiambiwa ifungue kitu. Niliinua gurudumu lile aliloligusa kule Isingiro, nikalitoa, nikavuta dramu, na maji yakamwagika hadi kifuani kwangu. Maji, ndugu yangu! Kiangazi kile hata madimbwi ya barabarani yalikuwa yamepasuka kwa ukavu. Ndoo nzima ya maji ilitoka katika dramu isiyoweza kushika kikombe, maji baridi, safi, na pamoja nayo zikatoka ndakala, vile visamaki vya rangi ya fedha vya Tanganyika, hai, zinarukaruka juu ya vumbi.

Ziwa la Nakivale halina ndakala. Uliza mvuvi yeyote. Mimi nilikuwa nimezila kavu tu, za kununua sokoni, tangu nitoke kwetu. Hai sikuwa nimeziona tangu asubuhi ile tuliyokimbia. Nilipiga magoti pale barabarani na bisibisi mkononi, nikalia. Si kwa woga. Harufu ile ilinirudishia mlango wa nyumba yetu, na mama akizianika juu ya mchanga, na mimi nikifukuza kuku. Niseme nini zaidi?

Mama Peace akatokea upande wa pili. Alimwona. Ndiyo maana nakuambia mwulize. Alimtazama yule mama, akatazama samaki chini, akatazama barabara yote tuliyoshuka. Akavuta pumzi.

"Wewe!" akasema. "Mimi bibi ya sajini. Mimi hapana ogopa mtu ya maji, hapana ogopa mtu ya moto. Wewe nataka nini kwa gari yangu?"

Yule mama akageuza shingo polepole. "Weye si wa kwangu," akamwambia, kwa heshima kabisa. "Sina maneno na weye."

"Fundi, yeye nasema nini?"

Nikamweleza. Sikuficha kitu. Nilimwambia huyu anatoka ziwa la kwetu, watu wake wote walikimbia, amewafuata, na anataka tumfikishe majini. Mama Peace akasikiliza huku amefunga mikono kifuani.

"Yeye refugee?" akauliza.

"Naona ni hivyo."

"Na wewe refugee."

"Ndiyo, Mama Peace."

"Banange." Akatikisa kichwa. "Uganda iliruhusu wewe, mimi nani nikatae yeye? Lakini uliza kama yeye nakula watu. Kule chini iko customer yangu mingi."

Hapo nikarudiwa na akili. Nikawafikiria wale akina mama wa madumu, nikawafikiria watoto wa Nakivale wanaotumbukia ziwani bila kuangalia. Nikimpeleka, nitakuwa nimewapelekea nini? Nisipompeleka, nani ataniachia breki? Nikasimama mbele yake, maji yananichuruzika, nikamwambia, "Mama, kule kuna batu ba kila fasi. Kuna Barundi, kuna Basomali, kuna benyeji. Hawakujui. Ukitaka nikupeleke, uniahidi hautakamata muntu."

Ng'ombe walikuwa wameacha kupita, wamesimama wote, wanamwangalia.

"Mwenye kusalimia, sitamugusa," akasema. "Mwenye kuingia kwangu kama mwizi, hiyo sikuahidi. Hata weye, muntu akiingia mu nyumba yako bila hodi, unafanya nini?"

Sikupata zaidi ya hapo. Nilijaribu. Akanyoosha mkono kunirudishia pini, nikaipokea.

Mkono wake uligusa wangu. Ulikuwa baridi, kama kitu kilicholala chini sana, mahali jua halifiki. Baridi ile ilipanda hadi kiwikoni, ikakaa.

Nikairudisha pini mahali pake, magurudumu yakaachia kwa mlio mmoja. Kisha nikafanya kazi kama sijawahi kufanya. Nilifungua na yale magurudumu matatu yaliyobaki. Yote yalikuwa na maji, yote yalikuwa na samaki. Mama Peace alizikusanya zile ndakala katika sufuria bila kuuliza. Nilikausha dramu kwa kanga yake, nikapangusa sumaku, nikarudia marekebisho, nikazungusha kigurudumu cha meno mpaka kila tairi likanong'ona. Yule mama alikaa kivulini mwa trela akinitazama, kama wazee wanavyomtazama mjukuu akifanya kazi ya maana.

Nilipomaliza aliingia ndani ya trela mwenyewe, akaketi sakafuni kati ya majiko. Nikafunga komeo kwa nje. Trela likashuka kwenye springi zake, likaugua.

Na breki? Breki zilishika kama za gari jipya! Nilishuka mteremko uliobaki kwa kidole kimoja kwenye kishikio, na kila nikibana, trela linatii. Mama Peace aliimba njia nzima, wimbo wa jeshi, kwa sauti kubwa mno. Aliogopa, lakini hakuniambia, nami sikumwuliza.

Hatukwenda sokoni. Nilirudi kinyumenyume hadi ukingoni mwa ziwa, mahali mafunjo yameachana. Nikafungua komeo. Mlango ulinipiga, maji yakatoka kwa kishindo kama mtu amepasua bwawa, yakateremka nyasini yakaingia ziwani. Ndani hapakuwa na mtu. Majiko yalikuwa yamelowa, na vitambaa vya kufunikia chapati vimeelea hadi dirishani. Nikageuka kutazama ziwa. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani, lakini mstari mmoja wa wimbi ulikuwa unakwenda katikati, umenyooka, mbali na ufuko. Viboko waliokuwa wakikoroma upande ule wakanyamaza wote. Kisha, mmoja mmoja, wakasogea kando kumpisha.

Mama Peace akamwaga zile ndakala majini nyuma yake. "Chukua watoto yako," akasema.

Sasa utaniuliza, kisha ikawaje?

Mama Peace aliendelea na biashara yake, na breki za trela lile hazikuhitaji kuguswa tena. Bahati yake, kwa sababu mimi sikuweza tena kuzigusa. Ule mkono uliopokea pini hutoa maji. Si jasho. Maji safi, baridi, mchana na usiku, hata wakati wa kiangazi. Nikishika bisibisi, kesho yake ina kutu. Nikishika sumaku, inavimba na kupasuka. Waya nilizounganisha zikaota ukungu wa kijani. Madaktari walinipima, wakaniambia mwili wangu ni mzima. Mchungaji aliniombea, nikamshukuru, akatoka akifuta kiganja chake kwenye suruali. Ufundi ukaniponyoka hivyo. Nilirudi Nakivale, nikapewa kishamba, na chochote ninachokipanda kwa mkono huu kinachipua hata mvua ikikataa. Majirani wananiletea miche ya nyanya niishike tu. Kwa hiyo siwezi kusema alinidhulumu. Lakini nilipenda breki, unaelewa?

Niliwaambia watu wasalimie ziwa. Wengi walisalimia, nusu kwa imani, nusu kwa utani, na nusu yoyote inatosha. Mvuvi mmoja jirani yangu alinicheka mbele ya watu, akaingia na mtumbwi wake huku akitukana maji. Jioni mtumbwi ulirudi wenyewe, naye amekaa ndani, mzima, mkavu, nyavu zimekunjwa vizuri miguuni. Tangu siku hiyo hajasema neno. Si bubu, maana usingizini mkewe humsikia akiongea. Anaongea lugha ya kwetu, lugha ambayo hajawahi kujifunza, na anataja majina ya watu waliobaki kule.

Siku hizi watu wengi wa hapa wanaondoka. Majina yanatoka, familia zinapanda basi, zinapelekwa nchi za baridi ng'ambo ya bahari. Jina langu nalo liko njiani, wameshaniambia. Unadhani nimefurahi? Nimefurahi. Lakini kila basi likiondoka mimi huteremka ukingoni, na nimeona maji yamesogea juu ya nyasi kuliko jana, kama mtu aliyesimama mlangoni kuangalia nani anatoka.

Basi wewe unayenisikiliza, sikuombi uamini kila neno. Ukikokota trela, kagua breki zako, na mtu akikuambia zina kiu, usicheke, shuka utazame. Ukienda kuchota maji Nakivale, piga hodi kwa lugha yoyote unayoijua. Lakini zaidi ya yote, siku utakayohama, hata kama ni kwa mbio, hata kama masasi yako nyuma yako, geuka mara moja uage. Sema, mimi naenda, wewe baki. Sisi hatukusema.